Nyavu Nilizoziona Katika Beseni

Nimezaliwa Tanga, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Mtu wa Moshi akifika Johannesburg huulizwa kama ana mtaji, mtu wa Unguja huulizwa kama anajua kupika urojo, mimi niliulizwa kama naweza kumrudisha mume aliyekimbia. Kwa miaka minane nilijibu hapana. Kila nilipojibu hapana, aliyeuliza alitabasamu na kuinamisha kichwa kwa adabu, maana inajulikana kwamba mganga wa kweli hajitangazi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilivyozidi kukataa ndivyo sifa zilivyozidi kuenea.

Kazi yangu ni kuchua misuli. Nilijifunza kwa mama yangu, aliyewachua wazazi na watoto mtaa mzima kwa mafuta ya nazi, na hakuwahi kufukuza jini hata moja. Hapa nilianzia Malvern, nyuma ya pazia la saluni moja ya Jules Street. Nilikuwa nawachua walinzi waliosimama kwa saa kumi na mbili na wasusi wenye mabega yaliyokakamaa. Siku moja alikuja meneja wa timu ndogo ya mpira ya kusini mwa jiji, shingo imemkaza. Nikamwachia shingo inayogeuka pande zote. Wiki iliyofuata nikaajiriwa. Kwenye karatasi niliandikwa fizio, neno zuri sana, na nikalipiga picha nikaituma Tanga.

Timu yetu ilifanya mazoezi Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Siku za mashindano, sauti ya mtangazaji wa farasi ilivuka ukuta ikachanganyika na ya kocha, mpaka mabeki wakawa hawajui ni nani anayehimizwa kukimbia. Farasi wale walikuwa na daktari mwenye cheti na gari lenye mashine ndani. Farasi akivimba goti, hakimbii Jumamosi. Sisi tulikuwa na mimi, chupa tatu za mafuta na ndoo ya barafu.

Basi ndipo akaja Mbosnia.

Alikuwa mshambuliaji, miaka thelathini na tatu kwa maneno yake mwenyewe, mrefu, na masikio yaliyokuwa mekundu kabla hata hajaanza kukimbia. Meneja alimpata kupitia video. Kila mshambuliaji duniani ana video yake ya dakika nne yenye muziki wa kupiga kelele, na ya huyu ilikuwa na mabao kumi na moja. Niliitazama mara nyingi kuliko meneja, kwa hiyo nikagundua kwamba mawili yalikuwa bao moja lililopigwa picha kutoka pembe mbili, na matatu yalifungwa kwenye theluji, kipa akiwa ameteleza. Lakini mengine yalikuwa mazuri kweli. Alikuwa na namna ya kuupokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, halafu ghafla analitazama goli, na hujui mgongo umekwenda wapi.

Alikuwa amecheza kwao, kisha Slovenia, kisha Malta, kisha Oman, kisha mwaka mmoja Vietnam ambako, alisema, mashabiki walimpenda mpaka walipomchoka, na mambo yote mawili yalitokea mwezi mmoja. Tulizungumza Kiingereza, yeye chake cha makocha, mimi changu cha Jules Street, na tulielewana vizuri kwa sababu hakuna aliyekuwa na maneno ya ziada.

Ijumaa ya kwanza nilimkuta msikitini. Naona haya kueleza yaliyofuata. Sisi Watanzania tuliokuwepo tulifurahi kupita kiasi kumwona mzungu mwenye kofia. Mzee mmoja wa Kizanzibari alimshika mkono akampeleka kwenye bomba na kumwonyesha udhu tangu mwanzo, kiungo kwa kiungo. Mwingine akaanza kumtafutia jina la Kiislamu, wakati alikuwa nalo tangu kuzaliwa. Mimi, kwa kuwa tunafanya kazi pamoja, nikajipa heshima ya kumuuliza alisilimu lini.

Akafikiri kidogo. "Kama miaka mia tano iliyopita," akasema. "Wewe je?"

Kuanzia siku ile tulikuwa marafiki. Aliusimulia mkasa wa udhu chumba cha kubadilishia nguo, na kila mara aliosha viungo vingi zaidi.

Tatizo likawa moja. Hafungi. Mechi ya kwanza hakufunga, tukasema hali ya hewa. Mechi ya tatu, tukasema Johannesburg iko juu, hewa nyepesi, mapafu yake bado yako Vietnam. Mechi ya saba hatukuwa na la kusema. Ilipofika ya kumi na moja, mashabiki wetu, ambao si wengi na ndiyo maana unamsikia kila mmoja, walikuwa wakimpigia makofi akigusa mpira bila kuanguka.

Meneja alimwita ofisini, nami nilikuwemo kwa sababu ofisi ndicho hicho hicho chumba changu cha kuchulia. Alimweleza bila kuzunguka. Mkataba unaisha pamoja na msimu, na zimebaki mechi nne. Akifunga bao, hata la goti, hata la bahati, ataongezewa mwaka mmoja. Asipofunga, atapewa tiketi ya ndege na picha ya timu.

Mbosnia aliitikia kwa kichwa na kusema sawa. Meneja alipotoka, alikaa juu ya kitanda changu akaniambia kwamba hakuna timu nyingine. Wakala wake hapokei simu tangu Pasaka. Kwao amemwanzishia mama yake nyumba, imefika kwenye madirisha, na mama anawaambia majirani mwanangu bado anacheza, mwaka mmoja tu mwingine. "Mwaka mmoja," akasema. "Sihitaji zaidi. Nataka niache mimi, nisiachwe."

Kwa kweli mimi nilijua kwa nini hafungi. Nilijua tangu siku nilipolishika goti lake la kushoto mara ya kwanza. Kifuniko kilikuwa kinaelea juu ya maji, ukikibonyeza kinazama na kurudi. Nilipouvuta mguu chini ya goti, ulikuja mbele zaidi ya inavyotakiwa, kama droo ya kabati la zamani. Akifika mbele ya goli na kutaka kugeuka, goti linasita nusu sekunde, na nusu sekunde inamtosha beki yeyote. Nilimwambia: pumzika wiki sita, tafuta daktari wa mifupa, usipofanya hivyo litakukatikia.

"Slovenia waliniambia wiki sita," akajibu. "Malta wakaniambia wiki sita. Oman wakaniambia inshallah. Oman nilifunga mabao tisa."

Wiki sita ndio msimu uliobaki, na zaidi. Nikapaka mafuta.

Wenzangu wao walikuwa na maelezo yao. Kipa wetu alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mlokole wa kufunga na kukesha, kijana mwema mwenye mikono mikubwa. Alinivizia kwenye korido ya vyoo.

"Papa Tanga, weye unatuchekeleya," akasema. "Ule muzungu banamufunga miguu, unaona na macho yako, unanyamaza? Njo kazi yako ile."

"Kazi yangu kuchua, mwanangu."

"Ndiyo, ndiyo, kuchua," akasema, na akainamisha kichwa.

Hata meneja, mtu mwenye digrii, alipita siku moja akasimama mlangoni akichezea funguo. "Eish, madala," akasema, maana hapa mzee huitwa hivyo. "Huko kwenu si mna vitu? Mimi sitauliza ni vitu gani." Nyumbani timu ina kamati ya ufundi kwa mambo kama hayo, kamati ambayo haina mkutano wala kumbukumbu lakini haikosi bajeti. Hapa walitaka kamati yote iwe mimi.

Uvumi ulimfikia Mbosnia. Nilitegemea atacheka. Badala yake alikuja kwangu Jumatano baada ya mazoezi, akafunga mlango, akaniuliza kama najua kuyeyusha risasi.

Nikadhani anataka kumuua meneja. Akanieleza. Kwao, mtoto akishtuka, akawa halali vizuri, haongei, anakojoa kitandani, hupelekwa kwa mama fulani wa mtaani. Mtoto anafunikwa kichwa kwa shuka, beseni la maji linashikwa juu ya kichwa chake, na madini ya risasi yaliyoyeyushwa yanamwagwa ndani ya maji. Yanalia, yanaganda, na umbo linalotoka ndiyo hofu yako. Yule mama analisoma, anakwambia ni nini, na ukishaambiwa hofu inakutoka. Yeye alikuwa mtoto wa vita. Alifanyiwa mara tatu. Hakusema zaidi, na mimi sikumchimba.

"Mguu unasita," akasema. "Si maumivu. Ni hofu. Nataka mtu wa kunisomea. Wanasema wewe ni mtu wa hayo."

Nikamwambia: mimi si mtu wa hayo, mimi ni fizio, muulize yeyote, imeandikwa. Akatabasamu na kuinamisha kichwa. Ametoka mbali kote huko, na alikuwa ameshajifunza.

Hapo ndipo lilipokuja wazo langu, ambalo niliona ni la akili sana. Huyu bwana hakunisikia nikiwa fizio. Hawezi kukataa nikiwa mganga. Nitayeyusha hiyo risasi yake, litatoka bonge lolote lile, nami nitalitazama kwa uzito na kumwambia: naona goti, naona mguu uliokatika, usicheze. Atarudi kwao bila mkataba lakini anatembea. Nilijiona kama mtu mwema anayesema uongo mmoja kwa ajili ya ukweli mmoja, hesabu inayolingana.

Alhamisi nilikwenda Malvern kwa fundi tairi ninayemfahamu, akanipa konzi ya vile vipande vizito vya risasi vinavyobandikwa kwenye ringi ili gurudumu lisitetemeke. Akaniuliza ni vya nini. Nikasema ni vya kazi. "Aah," akasema, na nikajua kesho Jules Street nzima itajua.

Tulifanya Ijumaa baada ya swala, jikoni kwangu, saa nane mchana, jua linawaka dirishani. Mbosnia alikaa kwenye kiti cha plastiki na taulo la timu kichwani. Beseni lilihitaji mtu wa kulishika, na tulihitaji mtu mrefu wa kuaminika ambaye haachii vitu, kwa hiyo tulimwita kipa. Alikuja na Biblia. Aliliinua beseni juu ya kichwa cha mwenzake na kuanza kukemea kwa jina la Yesu, kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha nyingine ambayo sidhani ina nchi. Mbosnia chini ya taulo alinielekeza nisome Kul huwallahu mara tatu. Mimi nilikuwa kwenye jiko na kopo la nyanya lililojaa madini yanayong'aa, nikiwa nimevaa glavu za oveni za mke wangu zenye maua. Kama malaika yeyote alipita pale juu, naamini aliongeza mwendo.

Nikasoma. Nikamwaga. Maji yalilia chwaa, mvuke ukapanda, kipa akapiga kelele lakini hakuliachia, ndiyo maana ni kipa. Tukaliweka beseni mezani. Mbosnia akatoa taulo. Nikaingiza mkono, nikatoa.

Sikuwa na haja ya kusema uongo. Lilikuwa bonge refu, nene juu, jembamba chini, limekunjika katikati, na pale kwenye mkunjo limepasuka. Nimeshika magoti maelfu. Nililijua kabla halijapoa. Nilikuja tayari kubuni mguu, na Mwenyezi Mungu, sijui kwa kunisaidia au kwa kunijaribu, akaniumbia.

"Njo nini, Papa?" kipa akauliza.

Mbosnia hakuuliza. Alinitazama tu. Nimewaza sana juu ya ule uso. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima, wala sijui kama nitatazamwa tena. Nilikuwa nimeshazoea kuangaliwa kama mkono wenye mafuta. Pale jikoni niliangaliwa kama mtu mwenye majibu, na jibu moja lilikuwa linamrudishia mwaka wake, nyumba yake na mama yake na majirani zake, na jingine lilikuwa linamnyang'anya yote nikiwa nimesimama pale na glavu zenye maua. Na nitasema la ndani kabisa: nilitaka wanipende. Nilitaka waondoke jikoni kwangu wamefurahi.

Upande mmoja wa lile bonge, mvuke ulikuwa umetoboa vitundu vidogo vidogo vilivyopangana. Nikaweka kidole pale.

"Nyavu," nikasema.

Kipa akapiga haleluya mbili. Mbosnia alilichukua lile bonge kwa mikono miwili, akaligeuza upande wa vitundu, akacheka kama mtu aliyetua mzigo. Akalipiga picha amtumie mama yake. Kisha akanikumbatia, akanibusu mashavu yote mawili, na mimi nikaosha kopo.

Jumamosi alicheza kama alivyo kwenye video. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Alikimbia bila kusita, akaomba mipira, akawafokea viungo kwa lugha ya kwao na wakamwelewa. Kipindi cha pili, zimebaki kama dakika ishirini, aliupokea mpira ameligeuzia goli mgongo. Akaegemea mguu wa kushoto, akazunguka, akapiga kwa wa kulia. Mpira ukaingia juu pembeni, kipa wao hata hakuinua mkono. Nilisikia sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyavu. Ya pili wengine waliidhania ni mlingoti.

Wachezaji hawakumkimbilia yeye. Walikimbilia benchi. Walinibeba, wakanirusha juu, mara tatu, wakiimba Tanga, Tanga. Kutoka kule hewani nilimwona mgonjwa wangu amelala chini kwenye eneo la hatari, mguu umekwenda upande ambao mguu hauendi, ngumi yake ameinyoosha juu, anashangilia. Nilipiga kelele waniteremshe. Wakadhani naendelea na dawa.

Daktari wa mifupa alihitaji dakika mbili. Kano zilikatika, na kipande cha mfupa kilitoka nazo. Atatembea, akasema, akiwa na subira. Kuhusu mpira alimuuliza kama ana kazi nyingine anayoijua. Meneja alikuja hospitali na ndizi. Alisema eish mara nyingi kwa huzuni ya kweli, kisha akaeleza kwamba mkataba ni wa mchezaji, na hapo kitandani yeye haoni mchezaji. Tiketi ilikuwa ileile. Picha ya timu pia aliileta.

Nikasubiri anilaumu. Nililala vibaya wiki mbili nikiandaa maneno. Nilikwenda kwake Turffontein siku moja kabla ya safari kumsaidia kufunga mizigo, na nikaamua nitamwambia ukweli kabla sijagusa begi la kwanza. Lakini alinipokea mlangoni kwa magongo, uso umechangamka, akaniwekea kahawa kwenye kikombe kidogo, akaanza kunishukuru. "Uliona kweli," akasema. "Watu wengi wanaacha mpira bila kujua bao lao la mwisho lilikuwa lipi. Mimi najua, na nilijua kabla." Alikuwa na bao lile kwenye simu, limekatwa vizuri, linaishia pale pale mpira unapoingia. Nikanywa kahawa. Ukweli nikaumeza nayo.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake, kwa video. Mama mfupi mwenye kitambaa kichwani, amekaa jikoni, na nyuma yake dirisha lisilo na fremu. Mwanawe akamwambia nipo. Yule mama akasema anataka kuniona, basi simu ikageuziwa kwangu. Nikaweka mkono kifuani, nikasema asalaam alaykum, akaitikia. Kisha akauliza jambo, polepole, akinitazama mimi na si mwanawe.

"Anauliza uliona nini kwenye risasi," Mbosnia akatafsiri, akicheka. "Usimjali. Nilipomtumia ile picha alinipigia usiku kucha. Anasema ni mguu, ni mguu umevunjika, usicheze. Analia kabisa. Nikamwambia mama, wewe unaangalia kwenye simu, mwenzako alilishika mkononi. Mwambie tu mwenyewe."

Wote wawili wakasubiri. Yeye alikuwa anatabasamu, mama hatabasamu.

"Nyavu," nikasema. "Mwambie niliona nyavu."

Akamwambia. Yule mama hakuondoa macho. Akasema maneno mawili, matatu hivi, kwa sauti ya chini, na akazima simu.

"Anasema anakushukuru sana," Mbosnia akaniambia, na akainama haraka kutafuta zipu ya begi, ambayo ilikuwa wazi.